Ukipewa profesa mgeni, anza kumpokea akiwa bado kwao

Profesa wa kwanza niliyekabidhiwa kumpokea alilala gizani usiku wake wa pili Dar es Salaam. Luku iliisha kwenye nyumba ya wageni ya chuo, naye hakujua kuwa huku umeme unalipiwa kwanza ndipo utumike. Alidhani umekatika mtaa mzima. Asubuhi nilimkuta barazani, kompyuta imezima mapajani, na mhadhara wa saa nne umo humo ndani. Tangu siku hiyo namba ya mita naiandika kwa kalamu nene, naibandika nyuma ya mlango, na uniti za wiki ya kwanza naweka mwenyewe.

Nawaandikia wenzangu wa shule za biashara ambao amidi, yaani mkuu wa shule, huwaita ofisini na kusema, "Kuna profesa anakuja, utamshughulikia." Ziara nyingi nilizoona zikiharibika ziliharibikia kwenye zile wiki ambazo mgeni hajafunga hata begi.

Kibali ndicho cha kwanza. Akija kutafiti, hata kama ni kuzungumza na wamachinga tu, anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Lazima awe na mwenyeji wa hapa, maana yake ni wewe. Kikitoka, anakwenda Uhamiaji kuomba kibali cha ukaazi daraja C. Halafu kuna barua zinazoshuka ngazi kwa ngazi: katibu tawala wa mkoa, wilaya, kata, mpaka serikali ya mtaa. Wengi wanaona hizo za chini ni usumbufu. Mimi naziheshimu, kwa sababu mwenye duka akiulizwa mauzo yake na mtu asiyemjua, jambo la kwanza linalomjia kichwani ni kodi. Mwenyekiti wa mtaa akishapata taarifa, mazungumzo huwa mengine kabisa.

Mimi huanza miezi minne kabla. Niliwahi kumpokea mtafiti aliyekuja na viza ya utalii, akiamini ushauri aliopewa kwao. Wiki zake sita zote ziliishia maktaba. Iliniuma sana, kwani barua pepe moja kutoka kwangu ingemwokoa.

Mtumie na kalenda ya chuo kabla hajakata tiketi. Wageni wa Ulaya na Marekani hupenda kuja kati ya Juni na Agosti, likizo yao ndefu, na hapo wanafunzi wetu mara nyingi wako kwenye mitihani au wametawanyika mikoani kwa mafunzo kwa vitendo. Ukiandika muda, andika saa nne asubuhi na pembeni 10:00.

Sasa nifike ninapotaka kukaa zaidi. Mgeni asiwe wa mtu mmoja, na hasa asiwe wa amidi peke yake. Mpe mwenza: mhadhiri msaidizi au kijana anayeandika uzamivu, ambaye mada yake inakaribiana na ya mgeni. Huyo kijana asigeuzwe dereva, wala mtu wa kununua vocha. Waanze kuandikiana miezi miwili kabla, wachague makala moja watakayoiandika pamoja, kisha wajaze ukurasa mmoja tu: nani anakusanya data, nani anazitunza, majina yatapangwaje juu ya makala.

Ukurasa huo tuliufikia kwa maumivu. Vijana wetu watatu walizunguka Kariakoo na mgeni wiki tatu nzima, juani, wakihoji wauza vitenge na vipuri, wakitafsiri, wakirudi jioni na sauti zimekauka. Makala ilipotoka, walikuwa kwenye mstari mmoja wa shukrani, tena jina la mmoja limekosewa herufi. Data zilishaondoka na kompyuta ya mgeni. Hakuvunja ahadi yoyote, maana hatukuwa tumemwomba aahidi, na kosa hilo ni letu tuliokuwa wenyeji. Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayogusa pia taarifa za watu zinazopelekwa nje ya nchi. Isomeni pamoja kabla hojaji ya kwanza haijajazwa.

Kuna mipango ambayo yenyewe inamlazimisha mwenyeji kufikiri mapema. Ule wa shirika la Carnegie la Marekani kwa wasomi wa Kiafrika walioko ughaibuni, ulioanza 2013, umekuwa ukitaka chuo cha huku ndicho kieleze kazi inayohitajika, na ziara zake zimekuwa za siku 14 hadi 90. Napenda mwanzo wa namna hiyo. Kama mgeni wako amelipiwa kwa njia nyingine, bado unaweza kuandika mahitaji yenu na kumtumia.

Darasani, mwombe mifano yake mapema. Mmoja alileta kisa cha mnyororo wa maduka makubwa ya Marekani, na wanafunzi wa mwaka wa tatu wakanyamaza kimya. Mwenza wake akainuka akauliza, "Mangi mwenye duka mtaani kwenu anajuaje nani wa kumkopesha unga?" Mikono ikajaa hewani. Binti mmoja alieleza daftari la madeni la baba yake, jinsi majina yanavyopigwa mstari mwisho wa mwezi na yale yanayohamishiwa ukurasa mpya. Profesa aliketi dawati la mbele, akafungua daftari lake, akaandika mpaka kipindi kikaisha.

Na akishaondoka, rudini kwa waliohojiwa. Sisi huandaa kurasa mbili za Kiswahili zenye matokeo, mgeni na mwenza wakiziandika pamoja kabla ya safari. Mara ya mwisho nilimpelekea mama mmoja anayeuza vitenge jumla. Aliiweka karatasi juu ya kaunta, akaisoma taratibu kidole kikifuata mistari, kisha akaazima kalamu yangu. Kwenye ukurasa wa pili tuliandika kuwa wafanyabiashara hulipia mzigo wote kabla haujafika. Akaikata sentensi, akaandika juu yake: "nusu, nusu ukifika." Nilipiga picha nikaituma kwa wote wawili usiku uleule.