Kizazi chako si kichafu

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 27, nimeolewa, naishi Tanga. Hedhi yangu hukaa miezi miwili hadi mitatu bila kuja. Kwenye utrasaundi nimeambiwa ovari zina vivimbe vidogo vingi. Jirani ananihimiza ninunue dawa ya kusafisha kizazi. Nitazaa kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pesa ya dawa hiyo itunze. Vivimbe ulivyoonyeshwa ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama, kwa kawaida havifiki hata milimita 10. Kila mwezi tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni ya FSH inayokuza vifuko. Kimoja hutangulia na kumwaga estrojeni, homoni ya kike, kisha homoni ya LH hupanda ghafla, na baada ya kama saa 36 yai hutoka.

Kwako nashuku insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, imezidi. Kazi yake si sukari tu; ikizidi huisukuma ovari itengeneze homoni za kiume kupita kiasi, na vifuko husimama njiani. Je, una chunusi, ndevu kidevuni, weusi shingoni? Mweleze daktari wa wanawake, naye akupime sukari, prolaktini (homoni ya maziwa) na homoni ya thairoidi, tezi ya shingoni.

Kama uzito umezidi, kupunguza hata asilimia 5 kunaweza kurudisha hedhi. Vipo pia vidonge vya letrozoli vya kupevusha yai, ila usivinunue bila daktari. Wengi wenye hali hii huzaa, mwanangu. Na mumeo naye apimwe mbegu, tafadhali, msibebeshane mzigo.