Sanamu za Parthenon zikirudi Athens, zitasuguliwa ziwe nyeupe?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari, Morogoro. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano wanajiandaa kwa mdahalo kuhusu sanamu za hekalu la Parthenon: zibaki London au zirudishwe Ugiriki. Hoja za siasa tumeshazipata. Iliyotukwamisha ni ya kitaalamu. Upande wa London unadai zikirudi zitaliwa na hewa chafu ya Athens, na kwamba zimetunzwa vizuri mpaka leo ni nyeupe kuliko zilizobaki Athens, ambazo zimegeuka rangi ya kahawia. Je, ni kweli? Na zikirudi, mnaweza kuzisafisha zote zikalingana, zikarudia weupe wake wa asili?

JIBU: Mwalimu, ahsante kwa swali. Nianze na mwisho wake, maana hapo ndipo penye ugonjwa. “Weupe wake wa asili.” Maneno haya nayasikia karibu kila wiki. Nayasikia kwa wenye nyumba za kale, kwa kamati za misikiti, kwa wanaolinda makaburi ya wazee wao, na karibu wote wana nia njema. Kila mtu anataka cha kale kifanane na siku kilipotoka mikononi mwa fundi, na kila mtu ana hakika kwamba siku hiyo kilikuwa cheupe.

Sanamu za Parthenon hazikuwa nyeupe. Hekalu lilijengwa kuanzia mwaka 447 K.K., michongo ikakamilika mwaka 432 K.K. chini ya usimamizi wa mchongaji Pheidias, na ilipokamilika ilipakwa rangi. Mwaka 2009 mtafiti Giovanni Verri, akiwa ndani ya British Museum yenyewe, makumbusho ya London yanayozishikilia sanamu hizi, alimulika sanamu ya mungu wa kike Iris kwa taa nyekundu, akaipiga picha kwa kamera inayonasa mwanga ambao jicho halioni. Mkanda wa kiunoni mwa Iris ukang'aa. Ile ilikuwa buluu ya Kimisri, rangi ambayo ikipigwa na mwanga hutoa mng'ao wake wa pekee. Kwa macho matupu huoni kitu pale ila jiwe. Kwa kamera ile unaona punje ndogondogo za rangi zilizong'ang'ania kwenye vinyweleo vya jiwe kwa zaidi ya miaka 2,400.

Kumbuka hizo punje. Nitazirudia.

Jambo la pili ni jiwe lenyewe. Siku hizi ukisema marumaru watu wanafikiria vigae vya sakafuni. Hapa nazungumzia mwamba uliochimbwa mlima Penteli, kaskazini-mashariki ya Athens. Ukivunjwa leo ni mweupe kwelikweli, lakini una chembe za chuma ndani yake, na kadiri miaka inavyopita uso wake unageuka taratibu kuwa na rangi ya asali. Hiyo ndiyo kahawia waliyoiona wanafunzi wako kwenye picha za Athens. Sehemu nyingine ni masizi na uchafu, sikatai, lakini ile ya asali ni ngozi ya jiwe. Ndani ya ngozi hiyo ndimo zilimo alama za patasi ya mchongaji, mikwaruzo ya msasa wake, na zile punje za rangi. Ukiibandua ngozi umebandua kazi ya mikono ya mtu, ukabakiwa na umbo tu.

Sasa tuje kwenye weupe wa London. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 London ilikuwa jiji la makaa ya mawe, na masizi yake yaliingia ndani ya makumbusho kama yalivyoingia kila nyumba. Michael Faraday, yule mwanasayansi wa umeme, aliitwa kuzitazama sanamu hizi, na mwaka 1857 akaandika kwamba ni chafu sana, vumbi na masizi yamezama kwenye jiwe na hayatoki kwa maji. Basi hata hiyo hoja ya kwamba ziliepushwa na hewa chafu ina tundu tangu hapo.

Kisha ikaja miaka ya 1930. Tajiri mmoja wa biashara ya sanaa, Lord Duveen, alitoa fedha za kujenga ukumbi mpya wa sanamu hizi. Aliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba marumaru ya Kigiriki inapaswa kuwa nyeupe. Kati ya 1937 na 1938 vibarua wakazisugua. Walitumia zana za shaba na kaborandamu, yaani lile jiwe gumu la kunolea. Septemba 1938 mkurugenzi wa makumbusho alikuta zana hizo zimelazwa pale kazini, kazi ikasimamishwa, uchunguzi ukafanywa kimyakimya. Kati ya vilivyoguswa ni sanamu ya Helios mungu wa jua, kichwa cha farasi wa Selene mungu wa mwezi, na huyohuyo Iris. Ukubwa wa madhara bado wataalamu wanaubishania, na mwaka 1999 makumbusho yaliitisha mkutano wa wazi juu ya jambo hili. Si kila kipande kilisuguliwa. Lakini vilivyosuguliwa vilipoteza ngozi, na ngozi haioti tena.

Kwa hiyo wanafunzi wako wakisema “London ni nyeupe kwa sababu zimetunzwa”, waambie katika baadhi ya vipande weupe huo ni kovu. Na swali lako la kuzisafisha zote zilingane, jibu langu ni hapana, na nina imani hakuna mhifadhi mwenye akili timamu atakayekubali. Zikirudi, zitakaa bega kwa bega zikiwa na rangi tofauti, kama ndugu waliolelewa nyumba mbili. Historia yao ndiyo hiyo.

Hewa ya Athens nitaipitia haraka, maana jibu lake lipo wazi. Ni kweli ilikuwa mbaya. Gesi ya salfa kutoka kwenye magari na viwanda ikikutana na unyevu juu ya marumaru huligeuza jiwe kuwa jasi. Ukipitisha kidole, uso unatoka chengachenga kama sukari. Wagiriki waliliona hilo kwenye wale wanawake wa mawe wanaobeba paa la Erechtheion, hekalu la jirani. Watano walishushwa mwaka 1979 wakaingizwa ndani. Wa sita yuko London. Ukanda wa michongo wa upande wa magharibi wa Parthenon ulishushwa mwaka 1993. Hakuna mtu anayependekeza sanamu zinazorudi zipandishwe tena ukutani zinyeshewe. Zitaingia Makumbusho ya Akropoli (Akropoli ni kile kilima cha Athens penye mahekalu haya), yaliyofunguliwa Juni 2009, ambako ghorofa ya juu kabisa imegeuzwa ifuate mkao wa hekalu lenyewe, nawe ukisimama pale unaliona kupitia kioo. Mahali pa vipande vilivyoko London wameweka nakala za plasta. Nyeupe pee, ili asiwepo wa kukosea.

Wale wanawake watano walisafishwa humohumo, mbele ya wageni, kuanzia mwaka 2011 hadi 2014. Kazi ilifanywa kwa leza iliyotengenezwa na watafiti wa Krete, yenye miale miwili inayopigwa kwa pamoja, mmoja wa infraredi na mwingine wa urujuanimno. Masizi meusi yanafyonza nguvu ya mwale na kuruka. Jiwe lililo chini halifyonzi kiasi hicho, linabaki. Mwale wa infraredi peke yake huweza kuliacha jiwe na umanjano usiostahili, ndiyo maana wakaoanisha miwili. Fundi anakwenda sehemu ndogo baada ya sehemu ndogo, anasimama, anatazama. Walipomaliza, rangi ya asali ilikuwa palepale. Miaka mitatu na zaidi, sanamu tano, na wala hazikutoka nyeupe. Natamani kila anayenipigia simu kuniuliza “itachukua siku ngapi” ausome mstari huo mara mbili.

Ila usiwaache wanafunzi wa upande wa Ugiriki wadhani kwao makosa hayakufanyika. Mhandisi Nikolaos Balanos, aliyekarabati Akropoli kuanzia mwisho wa karne ya 19, alifunga mawe kwa vyuma vitupu. Mafundi wa kale nao walitumia vyuma, lakini walivimiminia madini ya risasi yaliyoyeyushwa, ili maji yasivifikie na jiwe lipate nafasi ya kujongea. Balanos akaiacha hatua hiyo. Vyuma vyake vikashika kutu, kutu ikavimba, marumaru ikapasuka kutoka ndani. Wanaofanya kazi pale leo wanaving'oa kimoja kimoja na kuweka titani, metali isiyoshika kutu. Hatua moja ya kazi iliyoonekana haina maana ndiyo iliyokuwa imeyashika mawe yale kwa karne zote hizo.

Kuhusu kusafirisha: mwaka 2014 British Museum ilimpeleka mungu wa mto Ilissos hadi St Petersburg kwa maonyesho, akaenda na kurudi. Chuo Kikuu cha Heidelberg kilirudisha kipande chake Athens mwaka 2006, makumbusho ya Palermo, Italia, mwaka 2022, Vatikani vitatu mwaka 2023. Jiwe linasafiri. Kinacholizuia ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 inayoibana British Museum isitoe mali yake, pamoja na utashi wa wanasiasa, na hapo mimi si mtaalamu kuliko wewe. Ukiniuliza mimi kama mtu wa mawe, nasema zirudi. Watu wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza aliyezichukua sanamu hizi, kuanzia mwaka 1801 walikata kwa msumeno migongo ya mawe ya ukanda ili yapungue uzito wa kubebwa. Kiwiliwili cha Poseidon kimegawanyika, kipande London, kipande Athens. Kitu kimoja kilichokatwa vipande, cha kwanza kutumikiwa ni kitu chenyewe, na kinachokifaa ni kuunganishwa.

Sasa niruhusu niseme linalonikera, kwa sababu wasomaji wengi wa safu hii hawana Parthenon ila wana kaburi la babu.

Marumaru ya Penteli na matumbawe ya pwani yetu ni ndugu. Yote mawili ni kalsiamu kaboneti. Kinachoiumiza moja kinaiumiza nyingine. Nilipelekwa kutazama kaburi la kale la mawe ya matumbawe, lenye nakshi za chokaa zilizochongwa kwa mkono, majani na mafundo yaliyofuatana ukingoni. Ukoo ulikuwa umechanga fedha ukamwita “mtaalamu” wa kung'arisha mawe. Alikuja na brashi ya waya, ndoo, na maji ya betri. Wazee walinisimulia kwa furaha jinsi povu lilivyokuwa linachemka na uchafu ukitoka. Povu lile halikuwa uchafu. Lilikuwa nakshi. Asidi ikigusa chokaa, chokaa inageuka gesi na maji ya chumvi, inakwenda na maji ya kusuuzia. Halafu, ili kuficha mashimo, alipiga saruji juu. Nilipogonga kwa kucha ilisikika tupu. Kona moja ilikuwa imeshabanduka, na nyuma ya kibamba cha saruji ulikuwa umeganda ua zima la nakshi, kinyume, kama muhuri. Kwenye kaburi pakabaki unga.

Saruji haipumui. Jiwe la matumbawe linanyonya unyevu kutoka ardhini na lazima uutoe. Ukiliziba, chumvi inajikusanya nyuma ya saruji na kulisukuma mpaka linameguka. Chokaa iliyoloweshwa vizuri na mchanga safi ndiyo dawa yake, tena dawa ya polepole. Mwenye kukuambia atamaliza kwa wikendi, mwenye kukuonyesha picha za “kabla” na “baada” ambapo “baada” inametameta, mwenye kukupa ndimu, siki, asidi, msasa au mashine ya maji ya presha: mwondoe kwenye eneo lako. Ukiona weusi juu ya jiwe la kale, kwanza piga picha kwa mwanga wa pembeni, asubuhi au jioni, nakshi zote zionekane. Ondoa mizizi midogo kwa kuikata, usiing'oe. Vumbi lifagie kwa brashi laini ya nywele. Ishia hapo, kisha nenda ofisi ya mambo ya kale. Wanaweza kuchelewa. Acha wachelewe, jiwe lililongoja miaka mia mbili litangoja mvua nyingine moja.

Mwalimu, kwa mdahalo wako, waokote wanafunzi magamba mawili ya konokono wa shambani, yale yenye mistari ya kukua inayoshikika kwa kidole. Moja liachwe kavu. La pili lizamishwe kwenye siki usiku kucha, wakiwa wameshalipima kwenye mizani ya maabara. Litatoa povu lilelile walilolifurahia wale wazee, na asubuhi huenda likawa limetakata kuliko la kwanza. Walipime tena uzito, kisha wafumbe macho wapitishe kidole juu ya magamba yote mawili, waitafute mistari.