Maswali ya Wasomaji: Nani alishika kiberiti?

SWALI: Ugomvi wa wakulima na wafugaji ulifika kitongojini kwetu usiku. Nyumba nne na ghala la mahindi vilichomwa, kaka yangu akakatwa panga. Watu wamekamatwa, ila tunasikia kesi hizi huishia hewani. Tufanye nini? – Msomaji, Kongwa

JIBU: Poleni sana, na mgonjwa apate nafuu. Kesi nyingi za vurugu za kundi hufia kwenye maelezo ya kwanza polisi. Shahidi anaandikisha "walikuja wengi wakachoma nyumba," halafu miezi kadhaa baadaye, mbele ya hakimu, anataja majina matatu. Wakili wa utetezi atamuuliza kwa nini hakuyataja siku ile. Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilisema kumtaja mtuhumiwa mapema kunaupa ushahidi uzito. Kuchelewa bila sababu kunautia shaka.

Kwa tukio la usiku kuna pia kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1980. Mahakama hupima umbali, mwanga, muda shahidi aliomwona mtu, na kama alimfahamu kabla. Kwa hiyo maelezo yenye nguvu husema hivi: "Paa la nyasi lilikuwa linawaka. Alisimama hatua kama sita kutoka mlangoni, ameshika dumu la mafuta ya taa. Namfahamu, tunateka maji kisima kimoja." Usiyemwona, usimtaje, hata kama kijiji kizima kinamtaja.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Msikae kikao kutengeneza orodha ya majina. Mashahidi kumi wakileta orodha ileile kwa maneno yaleyale, mahakama itaona wamefundishana, na asiye na hatia anaweza kuozea mahabusu kwa sababu ya kabila lake tu. Kila mtu aeleze alichoona yeye. Asiyejua Kiswahili vizuri, awe Mgogo au Mmasai, aombe mkalimani, na asitie dole gumba kabla hajasomewa maelezo yake.

Majeruhi awe na PF3, fomu ya matibabu kutoka polisi, ijazwe na daktari. Kama hali ni mbaya, matibabu yatangulie. Majivu msiyafagie kabla mpelelezi hajapiga picha na kuchora ramani. Hasara iandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji na afisa ugani: magunia mangapi, mabati mangapi, mbuzi wangapi. "Mali nyingi" haisaidii.

Chukueni namba ya RB, yaani ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi, na shauri likifunguliwa, namba ya kesi. Jalada likikwama, andikeni barua Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wazee wakiwataka mmalizane kwa ng'ombe, kumbukeni kwamba mshtaki ni Jamhuri. Kukubali faini hakufuti kesi, ila mashahidi wakiacha kwenda, itakufa.

Kwa gharama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawahusu wasio na uwezo. Msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa atawaelekeza bure, ingawa hawezi kuwasimamia mahakamani kama wakili.

Mwambieni mwendesha mashtaka mapema kwamba mnataka fidia, ili aiombe washtakiwa wakitiwa hatiani. Mkitaka kufungua madai yenu wenyewe, mna miaka 3 tangu tukio, na kesi ya jinai kuendelea si sababu ya kungoja.