Mkuu, USIFUTE ibdata1, ile faili kuu ya databesi zako!

Toa kidole kwenye Delete kwanza. Umesema umeme ulikatika, sasa MySQL (seva ya databesi) ya XAMPP, kile kifurushi cha seva kwenye kompyuta yako, inageuka njano sekunde mbili halafu inazima, na unataka ijiwashe yenyewe kila Windows ikifunguka. Mchangiaji hapo juu kakwambia ufute ibdata1, "itajitengeneza upya". Ni kweli, itajitengeneza. Tupu!

Mimi niliifuta. Kuna dogo mmoja wa YouTube, video dakika tatu, singeli nyuma, mshale mwekundu, hakusema neno hata moja kuhusu kunakili. Nikikutana naye atanilipa. Ilikuwa programu ya stoo ya duka la vifaa vya ujenzi la shemeji yangu, mauzo ya miezi kumi na minne. MySQL ikawaka kijani, nikajiona fundi, nikaagiza supu. Nafungua phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia databesi: majedwali yote yamo, majina yale yale. Nabofya mauzo: kosa 1932, jedwali halimo kwenye injini. Wateja: 1932. Madeni: 1932. Supu ikaganda mafuta.

ibdata1 ndilo daftari la InnoDB, injini inayohifadhi majedwali; linajua jedwali gani liko kwenye faili gani. Faili zangu za .ibd (moja kwa kila jedwali) zilibaki na data ndani, ila daftari jipya haliwajui hao watoto. Niliyarudisha moja moja kwa DISCARD na IMPORT TABLESPACE, amri za kuunganisha .ibd ya zamani na jedwali jipya, wiki nzima. La madeni nililifuta kwa DROP kabla sijanakili .ibd yake (ndiyo, kosa lile lile mara mbili, chekeni tu). Mpaka leo shemeji akiniona harusini anauliza nani alichukua mabati.

Kwa hiyo: zima XAMPP, nakili folda NZIMA ya C:\xampp\mysql\data, iweke kwenye diski nyingine. Nzima, siyo jina la databesi yako peke yake. Kabla ya hapo usiguse kitu, hata aje nani.

Ukimaliza, fungua mysql_error.log (logi ya makosa) humo humo, soma mwisho. Poti 3306, mlango wa MySQL, ikiwa imeshikwa na MySQL nyingine, utaona. Umeme ukikatika mara nyingi ni Aria, injini nyingine ya majedwali: logi yenyewe itakwambia uendeshe aria_chk -r (amri ya kuyakarabati) kisha ufute faili za aria_log. Aria_log, mkuu. Siyo ibdata1.

Umeshanakili? Bandika hapa mistari ishirini ya mwisho ya hiyo logi.