Unataka kununua gari la taka Dar? Anza kukagua nyuma ya kabini

Mwezi huu vijana kama watatu wameniuliza kuhusu kununua gari la taka na wote swali lao la kwanza ni lilelile, injini ipi nzuri. Nimeona niandike mara moja kwa kirefu kwasababu hilo swali ndo lilinipoteza mimi. Nilianza hii kazi nikikusanya ada za taka mlango kwa mlango Buguruni, baadae nikawa msimamizi wa magari kwenye kampuni, nikanunua la kwangu, na sasa ni miaka mingi nanunua na kuuza haya magari, kompakta (yale yanayobana taka), tipa, skipu loda (linalonyanyua na kubeba kontena la taka), makontena, hadi guta za tairi tatu.

Gari langu la kwanza lilikua Canter kompakta, nililipa milioni 38, injini 4D33 inalia kama cherehani mpya. Fundi niliyeenda nae akasikiliza injini, akaangalia moshi, akafungua kifuniko cha oili, akasema chukua. Rangi ilikua mpya kabisa inang'aa. Hakuna kati yetu aliyeinama kule nyuma. Wiki ya sita tunaelekea dampo la Pugu, tumefika Gongo la Mboto, sakafu ya lile beseni la nyuma wanapotupia taka (sisi tunaita hopa) ikafunguka, maji ya taka yakamwagika barabarani na watu wamejaa kituoni wanasubiri daladala. Kumbe chini ya ile rangi kulikua na bati jembamba limebandikwa juu ya kutu na kupakwa puti. Injini mpaka leo najua ilikua nzima. Siku ile nilitoa machozi, sio hela tu, kuna mitaa minne ilikua inanisubiri na watu walishalipa.

Kwahiyo mdogo wangu shika hili, lori la mchanga linakufa injini na difu, gari la taka linaliwa na maji ya taka. Taka zetu hapa Dar nyingi ni za jikoni na sokoni, maganda ya ndizi, machungwa, mboga, mabaki ya chakula, juu yake mchanga wa kufagia uwanja. Zikikaa na kubanwa zinatoa yale maji meusi, yana chumvi na uchachu, yanakaa kwenye kona za hopa na sakafu ya bodi yanakula chuma kuanzia ndani, na mchanga nao unasugua kama msasa. Wewe kwa nje huoni kitu mpaka chuma kimebaki karatasi.

Ukaguzi wangu sasa hivi uko hivi. Naenda na nyundo ndogo, bisibisi, sumaku, tochi na ovaroli ya kulala chini. Sumaku inapita juu ya rangi, ikifika kwenye puti haishiki, hapo umeshajua kuna kidonda kimefunikwa. Nyundo inagonga sakafu ya hopa kidogokidogo toka kona moja hadi nyingine, chuma kizima kinalia ngo ngo, chuma kilichooza kinalia kama umegonga debe lenye unga, ukisikia hivyo sukuma bisibisi pale, ikiingia ndo majibu yenyewe. Halafu lala chini uangalie chasisi pale inapobeba bodi, na hasa nyuma karibu na lango la mkia, maana maji yanadondokea hapo kila siku. Chasisi iliyochomelewa kwa nyuma mimi nimeshaacha kununua hata iwe bei ya bure.

Haidroliki nayo inataka subira. Muuzaji atakuonyesha gari limeshapashwa moto, linazungusha vizuri sana, wewe mwambie unataka kuliona asubuhi likiwa baridi, halafu baada ya hapo liwake liendelee kubana hata nusu saa mpaka oili ipate moto ndo uangalie kama nguvu inapungua. Pampu iliyochoka inafanya kazi vizuri ikiwa baridi, oili ikipata moto na kuwa nyepesi inashindwa. Angalia fimbo za silinda, zile zinazong'aa, ukikuta zina vitobo vya kutu ujue hata ukibadilisha sili leo baada ya miezi michache zinavuja tena, fimbo imeshakua kisu cha kukata sili. Angalia rangi ya oili kwenye tanki, ikiwa kama maziwa kuna maji yameingia. Nyanyua lango la nyuma, zima, hesabu dakika kumi uone kama linashuka lenyewe.

Na hapa naomba mnielewe vizuri. Lango likiwa juu usiingie chini yake kabla hujaweka ile nguzo ya kulizuia, hata sekunde moja, hata fundi akikwambia hakuna shida. Hozi ikipasuka lile lango linashuka na uzito wake wote, na watu wamekufa hivyo. Kitufe chekundu cha dharura pale nyuma lazima kifanye kazi, magari mengi ya mtumba ukikibonyeza hakuna kinachotokea, waya umekatwa zamani. Kijana anayepakia mkono wake uko ndani ya hopa siku nzima, gari lisilo na hicho kitufe usilitoe yadi kabla hujakitengeneza.

Kilomita kwenye dashibodi zisikudanganye. Kompakta inasimama mtaani injini inanguruma, PTO (gia inayochukua nguvu ya injini kuzungusha pampu ya haidroliki) iko ndani, pampu inazunguka, na mita ya kilomita haisogei. Gari lina kilomita laki moja na nusu na injini imefanya kazi kama ya laki tatu. Hii pia ndo sababu mimi ni mwoga na Canter na Isuzu za miaka ya karibuni zenye ule mtungi wa kuchuja moshi kwenye ekzosi, ule unataka gari likimbie upate joto la kuchoma masizi yake, sasa gari la taka linatambaa nyumba kwa nyumba, mtungi unaziba, taa inawaka, gari linakosa nguvu. Ukipata 4D33 au Isuzu 4HF1 ya zamani, pampu ya kawaida isiyo na kompyuta, fundi yeyote anaijua na spea zake unashuka Gerezani unarudi nazo siku hiyohiyo.

Wajapani wana aina mbili kubwa za kompakta na kwenye picha zinafanana. Kuna ya kuzungusha, sahani inazunguka ndani ya hopa inakokota taka kwenda ndani, na kuna ya kupresi, sahani inashuka inakandamiza kwanza halafu inasukuma. Ya kupresi ina nguvu, inavunja hata meza na matawi, lakini ina silinda nyingi na inakamua maji sana kwa hizi taka zetu mbichi. Ya kuzungusha ni laini zaidi na ni rahisi kuitunza. Kwa mitaa ya nyumbani mimi nachagua ya kuzungusha, kwa hoteli na maofisi yenye maboksi mengi nachukua ya kupresi.

Ila kabla hujafika huko jiulize kama unahitaji kompakta kweli. Hapa ndo hela nyingi za wageni wa kazi hii zinapopotelea. Kompakta imetengenezwa kwa nchi ambazo taka ni nyepesi, maboksi, plastiki, karatasi, mita moja ya ujazo inaweza kuwa na kilo 100 au 150 tu hivyo ukibana unapata faida kubwa. Zetu zikiwa hazijabanwa bado zinafika kilo 300 hadi 500 kwa mita hiyohiyo. Chukua Canter ya tani 2 yenye bodi ya mita 4 za ujazo, ukizibana kidogo tu zikafika kilo 500 umeshajaza tani 2 na bodi ndo imejaa, vijana wakiendelea kubana mpaka kilo 700 umebeba karibu tani 3 kwenye gari la tani 2, springi zinalala, breki zinashindwa, na unashangaa kwanini kila mwezi uko gereji. Sokoni kama Mabibo kwenye ndizi mimi sipeleki kompakta, napeleka tipa yenye mbao za kuongeza kimo na turubai zuri la kufunika, au skipu. Na vichochoro vya Manzese na Tandale hata Canter haiingii, kule ni guta na kirikuu zinatoa taka mpaka barabarani ndo gari kubwa linapokea. Ukiwa na tipa moja na guta tatu unaweza ukafanya kazi kuliko mwenye kompakta mbili, na spea zako zote unazijua.

Halafu fikiria dampo. Pugu Kinyamwezi ni kama kilomita 30 toka mjini na ukitokea Tegeta ni mbali zaidi, kwahiyo safari mbili kwa siku ni kubahatisha, foleni ya barabarani halafu foleni ya dampo lenyewe. (Wale wa zamani mnakumbuka dampo lilikua Tabata, wananchi wakaenda mahakamani mwaka 1988 mpaka likaondolewa, jina la Tabata Dampo limebaki hadi leo. Toka hapo dampo limehamahama mpaka likafika huku Pugu, mbali, na sisi wese linaongezeka.) Kule juu ardhi ni taka tupu, laini, masika ndo balaa. Gari linalomwaga kwa kunyanyua bodi likisimama pameinama kidogo na bodi iko juu imejaa linaweza kulala ubavu, nimeliona hilo kwa macho yangu. Kama unanunua kompakta na una uwezo wa kuchagua, tafuta ile inayosukuma taka nje kwa sahani ya ndani bila kunyanyua bodi. Ulizia hilo mapema, kwenye picha hutaliona.

Magari makubwa ya Ulaya yenye tairi kumi yanavutia, ni marefu, yamejaa umeme na sensa, na sensa moja ikifa mtambo mzima unagoma. Kama huna kazi ya viwandani au barabara kubwa tupu yaache.

Ukiagiza Japani usitume hela kwa picha za ubavuni. Omba video ya mtambo ukizungusha mzunguko mzima, picha ya ndani ya hopa ikiwa imeoshwa, picha za chini, na namba ya chasisi ikionekana. Bajeti yako isiishie kwenye bei ya gari na meli, kuna ushuru, kuna VAT 18%, kuna bandari na wakala, na TRA wana thamani zao hawaangalii tu risiti yako. Muulize wakala wa forodha mwenye leseni akupigie hesabu kabla hujalipa, sio gari likiwa limeshashuka na tozo za kulihifadhi zinahesabika kila siku.

Ukinunua hapahapa, kadi iwe orijino, jina la kwenye kadi ndo linalouza, mkataba mbele ya wakili na kubadilisha jina ufanye wiki hiyohiyo. Magari ya halmashauri yanayotolewa kwa mnada yana namba za SM, usiondoke na risiti ya mpiga mnada peke yake, hakikisha nyaraka za kulihamisha kwenda namba za kawaida zipo, nina mtu namjua gari lake lilikaa mwaka mzima limesimama kwa ajili hiyo. Ila za mnada mara nyingi nazipenda kwa sababu moja, hakuna aliyezipaka rangi kuzificha, kidonda unakiona.

Na usinunue gari kwa ahadi ya tenda. Zabuni sasa zinapita kwenye NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni, na unaweza ukakosa, au ukapata kata ambayo nusu ya nyumba hazilipi ada. Kodi gari kwanza miezi mitatu ujue mtaa wako unatoa tani ngapi na hela ngapi zinaingia mkononi kweli, halafu ndo uende kwa muuzaji.

Ukifika zamu yako ya kuuza, safisha gari, usilifiche. Osha hopa kwa maji ya presha mpaka chuma kionekane, palipooza kata weka pleti ya milimita 4 au zaidi, chomelea pande zote mbili, na umwambie mnunuzi nimebadilisha hapa na hapa. Mimi naweka daftari la kila oili na kila sili niliyobadilisha, tarehe na risiti, na gari lenye daftari nauza haraka kuliko lenye rangi mpya. Sijawahi kumuuzia mtu kitu nilichouziwa mimi ile mara ya kwanza na sitafanya hivyo, kwasababu nyuma ya lile gari kuna vijana wanasimama.

Jambo la mwisho, mwombe muuzaji uende nalo safari moja nzima, toka mtaani hadi dampo, na ikiwezekana iwe masika. Akikataa kata kata achana nae. Kuna mzee mmoja wa Temeke nilimwomba hivyo, tipa Isuzu, akanikaribisha kabini mwenyewe saa kumi na moja alfajiri. Tukapakia mvua inanyesha, tukakaa foleni ya Pugu zaidi ya saa mbili, kupanda juu tairi la nyuma likazama kwenye matope, akaweka mbao, likatoka taratibu bila kuunguruma ovyo, bodi ikapanda ikashuka bila kutetemeka. Wakati wa kurudi nikamwambia mzee wangu bei uliyotaja nailipa vilevile. Lile gari niliendesha miaka mitano, na aliyelinunua kwangu bado nakutana nae kwenye foleni ya dampo.