Mwanangu, siri hiyo si yenu wawili tu

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na salamu zako zote zimefika. Baba yako hajambo. Sehemu ya nne ya tamthilia yako ameirudia peke yake sebuleni usiku, taa imezimwa, jambo ambalo hakulifanya hata kwa tamthilia zangu mimi.

Umeniuliza hivi: wewe na mwenzako mmealikwa kwenye mahojiano kuzungumzia mapenzi ya siri ya wahusika wenu, yule binti wa mwaka wa pili na kijana aliyewahi kuwa mpenzi wa rafiki anayelala naye chumba kimoja. Mwenzako kila akishika kipaza sauti anasema ni mapenzi ya kweli, wamekutana wakati mbaya tu. Wewe unaona ni utamu wa kujificha, na siku siri ikitoboka hakutabaki kitu. Unataka kujua umpinge mbele ya watu, au ukubaliane naye ili kazini pawe na amani.

Swali nimelisoma usiku, nikalirudia asubuhi, na kila nikitaka kulijibu najikuta nauliza jingine: siri hiyo ni ya nani? Mnabishana kama warithi wanaogombea kiwanja, kila mmoja na hati yake mkononi. Mimi naona mwenyewe hajaulizwa. Mwenyewe ni mtazamaji. Bweni zima halijui kitu, yeye pekee ndiye anajua, na hawezi kumwambia yeyote. Raha ya tamthilia ya namna hiyo iko hapo hapo.

Msimamo wangu unaujua, umeusikia mezani tangu miguu yako haifiki sakafuni: mwigizaji ajue kila kitu, asiseme kila kitu.

Watu hudhani mapenzi ya siri kwenye skrini yanabebwa na busu. Busu lina utaratibu wake siku hizi, na nashukuru kwa ajili yako. Mwaka 2018 HBO, ile kampuni ya televisheni ya Marekani, ilitangaza kwamba vipindi vyake vyote vyenye matukio ya faragha vitakuwa na mratibu wa matukio hayo, na mwaka 2020 chama cha waigizaji cha Marekani, SAG-AFTRA, kikatoa miongozo yake. Umeniambia nanyi mnaye mratibu, mnakubaliana naye mapema mkono ukae wapi na nani ana haki ya kusema basi. Sisi tuliambiwa "haya, sogeeni", kisha seti nzima ikaangalia pembeni. Kwa hilo mmetupita mbali.

Lakini macho hayana mratibu. Kazi ngumu ni pale watu wamejaa mezani wakicheka, na wawili kati yao wanajifanya hawana habari. Hapo unaigiza mtu anayeigiza. Mhusika wako naye lazima awe mwigizaji, tena asiwe hodari sana, maana akificha kila kitu hata mtazamaji hataona, na akivujisha mno tunashangaa marafiki zake wana macho ya nini. Katika ile sini ya kugawana kazi ya kikundi ulimtazama kila mtu pale mezani isipokuwa yeye. Alipotajwa jina ukaanza kutafuta kifuniko cha kalamu. Mwanangu, nilisimama. Baba yako akaniambia nikae, ninamziba.

Sasa niambie, pale kwenye kifuniko cha kalamu, ulikuwa unacheza mapenzi au utamu wa kujificha? Mimi sijui, na sitaki uniambie. Walimu wa filamu wanapenda kusimulia jaribio la Lev Kuleshov, yule mwongozaji wa Urusi. Alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, umetulia tu, akauunganisha na picha ya sahani ya supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke aliyejilaza. Inasimuliwa kwamba watu walimsifu jinsi alivyoonyesha njaa, halafu huzuni, halafu tamaa. Uso ulikuwa uleule. Mtazamaji ndiye aliyemalizia kazi, na alimalizia kwa sababu hakuna aliyemwahi kumwambia amalizie vipi.

Hapo ndipo panaponikumbusha yule mwenzangu wa enzi zile. Jina lake silitaji, unalijua, na kanda alizorekodi mjomba wako bado zipo kabatini. Kisa nacho unakijua, ila nadhani umekijua kwa mdomo wa baba yako, ambaye hukifupisha.

Sisi nasi tulikuwa chuoni, kwenye tamthilia. Mimi binti wa ualimu, yeye mwanafunzi wa sheria aliyekwisha kuchumbiwa kwao. Maktaba tuliyokuwa tunarekodia tuliiazima kwa siku chache tu, kwa hiyo sini zote za maktaba zilirekodiwa pamoja: kuonana mara ya kwanza, ugomvi, kuagana, zote ndani ya juma moja, tukibadilisha blauzi na shati nyuma ya rafu. Tuliagana kabla hatujapendana. Wewe umeshazoea mambo hayo. Mimi nilikuwa mgeni, nikawa naandika kwenye karatasi ndogo mfukoni, "hapa bado hujamjua", "hapa umeshamkosa".

Ikaja sini ya kalamu. Skripti ilisema maneno machache: anamrudishia kalamu, anaondoka. Nikanyoosha mkono, nikaishika kalamu, nayo haikuja. Alikuwa bado ameishika upande wake. Hakuniangalia, alikuwa anamwangalia mtunza maktaba nyuma yangu, uso umetulia kabisa, na vidole vimekataa. Labda ni muda wa pumzi moja. Kisha akaachia, akaondoka. Mwongozaji hakusema kata mpaka mlango ulipofungwa. Yule dada wa mwendelezo akaja na daftari lake kuandika mkono gani ulishika wapi, kwa sababu kamera ilikuwa inasogezwa tuirudie kwa karibu, na ilibidi vilingane. Tukairudia. Akaishikilia tena, vilevile. Kwa hiyo haikuwa bahati, alikuwa ameiamua.

Sijawahi kupewa kitu kizuri kama kile na mwigizaji mwenzangu. Nilirudi nyumbani usiku ule nikamwonyesha bibi yako kwa kijiko, mimi nashika huku, yeye anashika kule, mpaka akaniambia, "Basi, nimeelewa, kijana anampenda."

Tamthilia ikaanza kurushwa. Sini ya kalamu ilikuwa bado mbele huko, wiki kadhaa. Mwenzangu akaalikwa redioni, peke yake, na sisi nyumbani tukakusanyika kusikiliza: bibi yako, shangazi zako wote wawili, majirani mlangoni. Mtangazaji akamuuliza, huyu kijana wa sheria, anampenda kweli yule binti? Akacheka. Akasema, "Hapana, anapitisha muda tu, na mimi nimemcheza hivyo tangu siku ya kwanza."

Bibi yako akasema, "Kumbe." Akaenda jikoni.

Wiki ya sini ya kalamu ilipofika, sebule ilijaa vilevile. Kalamu ikashikwa, ikacheleweshwa, ikaachiwa. Na watu waliokuwa wananishangilia wiki mbili nyuma wakanitazama kwa huruma. Mkono uleule, vidole vilevile, lakini sasa walishaambiwa ni vya nini. Shangazi yako mdogo akasema, "Angalia anavyomchezea." Pumzi ile moja tuliyoitengeneza wawili aliifuta kwa sentensi moja, mimi sipo, na hakuna aliyekuja kuniuliza upande wangu. Miaka yote hii imepita, mwanangu, na bado nikiiona kanda ile kabatini mkono unasita kuitoa.

Mwigizaji ajue kila kitu, asiseme kila kitu.

Hata hivyo, nafsi yangu huwa inanijibu. Inasema, huenda alikuwa mkweli. Denis Diderot, yule Mfaransa, aliandika kwamba mwigizaji mkubwa hahisi kitu, machozi yake yanatoka kichwani. Maandishi hayo yalichapwa mwaka 1830 yeye mwenyewe keshakufa tangu 1784, na mpaka leo waigizaji wanagombana juu yake. Stanislavski, mwongozaji wa Urusi, akaja na njia nyingine, yeye na wenzake wa Moscow walioanzisha jumba lao la sanaa mwaka 1898: ingia katika hali ya mhusika, amini, utafute anachokitaka chini ya maneno anayoyasema. Mwenzangu labda alikuwa mtu wa Diderot. Labda vidole vile vilitoka kichwani, na ni vizuri vilevile. Sawa, nakubali. Lakini hao wote wawili walikuwa wanabishana juu ya kinachotokea ndani ya mwigizaji. Sijamsikia hata mmoja akisema mwigizaji awatangulie watazamaji mlangoni kuwaambia waone nini.

Nafsi inanijibu tena: zama zako zimepita. Mikataba ya sasa ina kifungu cha kutangaza kipindi, mtoto akae kwenye kiti ajibu. Na majukwaa mengine yanaachia msimu mzima kwa siku moja, mtu amekwisha kuona mpaka mwisho kabla hajasikia mahojiano, kwa hiyo hakuna kalamu ya kuharibiwa. Hilo nalo ni kweli. Yenu inatoka kila wiki, lakini ni kweli.

Tena kuna jambo moja ambalo lingenifanya nitupe msimamo wangu dirishani bila kusita. Kama yule kijana angekuwa mhadhiri wa mhusika wako, mtu anayesahihisha mitihani yake, ningekuambia sema, sema wazi, usimwache yeyote akaliita penzi lililokutana na wakati mbaya. Kuna binti anatazama huku ana mhadhiri wake mwenyewe anayempigia simu usiku. Huyo hahitaji fumbo. Lakini wenu ni wanafunzi wawili, sawa kwa sawa, na aliyeumizwa ni rafiki. Hapo pana nafasi ya mtazamaji kugombana na moyo wake, na mimi ningependa aachiwe.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki. Ukinyamaza, kimya chako kitachukuliwa kuwa ndiyo. Yeye atasema mapenzi ya kweli, wewe utatabasamu, na kesho mhusika wako atakuwa ameolewa na tafsiri ya mtu mwingine, kama mimi nilivyoachwa na tafsiri ya mtu mwingine. Wangu alisema hakuna penzi, wako anasema lipo, lakini mlango wanaoufunga ni uleule. Hapo msimamo wangu unayumba, na sipendi unavyoyumba.

Halafu nikaitazama tena sehemu ya nne, na wazo hili bado silijui nilifanye nini. Yeye anacheza penzi. Wewe unacheza kujificha. Na sini zenu ni nzuri kwa sababu hiyo hiyo! Anakusogelea kama mtu mwenye miaka mingi mbele yake, wewe unageuka kutazama mlango. Wangekuwa wote wanapenda sawasawa, au wote wanaiba raha sawasawa, isingekuwa na mvutano wowote. Mnachobishania nyinyi wawili nje ya kamera ndicho wahusika wenu wangebishania siku wakikamatwa. Waandishi wenu wenyewe pengine hawajaamua. Umeniambia skripti za mwisho hamjapewa, na waandishi hutazama kinachotoka kwenye seti ndipo waandike kinachofuata. Kwa hiyo akisema lake na wewe ukasema lako, labda mtazamaji hapotezi kitu. Labda anapewa viwili achague. Ama labda anapewa ugomvi wa waigizaji na kuacha kuwaona wahusika. Nimewaona watazamaji wa namna zote mbili.

Basi umpinge au usimpinge? Jibu ninalo. Baba yako nimemwambia, naye akanisihi nisiliandike, kwa sababu kazi ni yako, mkataba una sahihi yako, na mimi bado nina hasira na mtu wa redioni ambaye wewe hukumkosea wala hakukukosea. Amesema kweli, ingawa kunyamaza kunaniwasha. Siliandiki.

Lakini kabla hamjaingia huko kwenye mahojiano, muite mwenzako pembeni umuulize kitu kimoja. Kwenye ile sini ya ngazini, begi lako lilipodondoka, aliliokota, akalipangusa vumbi, ndipo akakupa. Wewe ulikuwa umeshampa mgongo, nadhani hukuona mpaka ilipotoka. Muulize kama iliandikwa kwenye skripti au aliiongeza mwenyewe, na kama aliiongeza, alikuwa anawaza nini wakati ule. Mwache amalize kusema. Utajua mwenyewe huyo ni mtu wa kupingwa mbele ya watu, au ni mtu wa kuzungumza naye.

Kisha uniandikie alivyojibu, neno kwa neno, usinifupishie kama baba yako.

Mama yako