Maswali ya Wasomaji: Python au Go kwa Hesabu za Mizani ya Dagaa?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatunza hesabu za mizani za wafanyabiashara kadhaa wa dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Programu niliyoiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, husoma faili lenye rekodi zinazokaribia milioni moja, huhifadhi kila rekodi kama kamusi (muundo wa Python unaoipa kila thamani jina lake) yenye tarehe, jina na kilo, kisha hutoa jumla ya kila mfanyabiashara. Kompyuta yangu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 siku hizi hukwama kabla ya kumaliza. Rafiki yangu alijaribu kitanzi (amri zinazorudiwarudiwa) cha kujumlisha namba kwa Python na kwa lugha nyingine, Go, na Go ikamaliza mapema mno. Je, niandike upya kila kitu kwa Go? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Jaribio la rafiki yako ni la kweli, ila limepima kazi isiyo yako. Ndani ya kitanzi, kila inapojumlisha, Python hulazimika kutambua vitu viwili hivyo ni vya aina gani, kutafuta namna ya kuvijumlisha, kisha kuunda kitu kipya cha kubeba jibu. Go, ambayo Google iliitangaza mwaka 2009, huzijua aina hizo tangu kompaila, yaani kitafsiri cha programu kwa lugha ya mashine, inapoipitia kabla haijaendeshwa, hivyo jumlisho huwa amri ya moja kwa moja kwa kichakataji. Kwa hesabu tupu, tofauti huweza kufika makumi ya mara. Wewe lakini unasoma faili na kukata mistari, shughuli ambazo Python yenyewe huzifanya kwa msimbo ulioandikwa kwa C, lugha ya kasi, na hapo pengo hupungua sana.

Kinachokukwamisha yaelekea ni kumbukumbu. Katika Python ya kawaida kwenye kompyuta ya biti 64, namba moja ya desimali huchukua baiti 24, na orodha huongeza baiti 8 za kuonyesha ilipo, kwa hiyo vipimo milioni moja hula megabaiti 32, ilhali Go huvipanga mfululizo kwa baiti 8 kila kimoja, yaani megabaiti 8. Kamusi moja kwa kila rekodi ni ubadhirifu mkubwa zaidi, kwani pamoja na yaliyomo hufikia mamia ya baiti. Hata hivyo, Go nayo si bahili kama inavyosifiwa: kwa mpangilio wake wa kawaida, huacha kumbukumbu ikue hadi karibu maradufu ya data inayotumika ndipo ifagie visivyotumika tena, wakati Python hurejesha nafasi ya kitu mara tu pasipobaki sehemu ya programu inayokirejelea.

Kwa hiyo usihame. Soma faili mstari kwa mstari, ongeza kilo kwenye jumla ya mhusika, kisha uuache mstari uende. Utabaki na kamusi moja tu yenye majina ya wafanyabiashara, na ukubwa wa faili hautailemea kumbukumbu tena. Ukihitaji kweli vipimo vyote kwa pamoja, NumPy, maktaba ya Python ya kushughulikia namba nyingi, huvihifadhi kwa baiti 8 zilezile.

Baada ya hapo pima programu nzima kwa faili lako halisi. Kwenye Linux, amri ya /usr/bin/time yenye chaguo la -v huonyesha muda uliotumika na kilele cha kumbukumbu. Zana ya tracemalloc ya Python huhesabu kile tu ambacho Python yenyewe imekiomba, kwa hiyo haifai kuilinganisha na Go.